Matela ya Kilio

Mtu akifa kwetu Nyamianda, watu wa avenue, yaani mtaa wetu, hawatoi pole na kurudi kulala kwao. Wanalala kwa wafiwa. Wanawake hulala ndani na barazani, wanaume hulala nje chini ya bashi, lile turubai kubwa la buluu, na hakuna anayeondoka mpaka siku ya kuondoa matanga. Ndiyo sababu avenue yetu ina mali yake ya pamoja: bashi, sufuria za kupikia watu wengi, viti vya plastiki, mikeka, na magodoro ya sponji ambayo sisi tunayaita matela. Vyote ni vya mituweli, chama chetu cha kusaidiana, na kwa miaka mingi vyote vilikuwa vinatunzwa kwa Mama Vainqueur.

Jina lake ni Léocadie. Vainqueur ni mtoto wake wa kwanza, mvuvi wa upande wa Baraka, anayekuja nyumbani mara chache. Mama Vainqueur anauza sombe. Asubuhi anachuma majani ya muhogo, anayatwanga kwenye kinu chake nyuma ya nyumba, na saa za mchana anashuka nayo soko la Mulongwe ndani ya beseni, imefunikwa kwa jani la mgomba. Sisi tunaokaa karibu tunajua saa kwa mtwangio wake.

Hakuomba kutunza vitu vya kilio. Mume wake alikuwa fundi wa mitumbwi, na alipofariki ilikuwa masika. Mvua ilinyesha juma zima, bashi likavuja, na hata hivyo hakuna jirani aliyeondoka. Wanaume walilala wameketi, migongo ukutani. Siku ya kuondoa matanga Mama Vainqueur alisimama mbele ya watu akasema, "Minye sina kitu cha kuwarudishia. Lakini vitu vya kilio vikikosa pa kulala, vije kwangu." Watu walimshukuru, kisha wakasahau. Mwaka uliofuata mto Mulongwe ulishuka na mawe yake ukabeba nyumba ya mtu aliyekuwa anatunza vitu hivyo. Matela yaliokotwa matopeni, yakafuliwa, yakakaushwa, na watu wakakumbuka yale maneno. Nyumba yake imekaa juu kidogo, ina sakafu ya simenti, na chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Walikuja nayo vichwani kwa mstari, naye akafungua mlango.

Lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mkeka wa nyumbani kwetu unapigwa ukutani kila Jumamosi mpaka vumbi liishe. Mkeka wa kilio haupigwi. Unakunjwa polepole pamoja na kila kilichomo, unabebwa bila maneno mengi. Wazee wanasema ukiupiga fimbo unakiita kifo kirudi kuangalia nani anakifukuza. Na matela ya kilio hayaanikwi juani mbele ya nyumba, kwa sababu mpita njia atauliza, "Nani tena amekufa hapa?" na swali kama hilo hakuna anayetaka kuliita kwenye mlango wake. Basi yalikuwa yanatoka kwenye kilio kimoja, yanaingia kwenye chumba cha giza, yanangoja kilio kingine. Jasho la watu wengi, uji uliomwagwa na watoto, machozi, yote yalikaa humo. Kunguni hawahitaji zaidi ya hapo.

Waliingia na kilio cha nani? Hakuna anayejua, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Kuuliza ni kama kuwaambia wafiwa kwamba nyumba yao ni chafu, tena wakati macho yao bado mekundu.

Wa kwanza kuonyesha dalili alikuwa Naomie, mjukuu. Mama yake, Eliane, alimfuata mume wake mji wa Kalemie akamwacha mtoto kwa bibi, akasema atamchukua wakishapata nyumba nzuri. Kwenye simu alikuwa anarudia maneno yale yale: "Mama, uniangalilie mwanangu. Nimukute muzima." Naomie ana miaka sita, meno yake ya mbele yameng'oka, na alikuwa anaimba siku nzima. Akaacha kuimba. Akaanza kujikuna mikono, shingo, mgongo, mpaka vidonda vikatoka maji na nzi wakamfuata. Mwalimu wake alituma ujumbe kwamba anasinzia darasani na kuangusha kichwa kwenye daftari.

Bomba la maji la avenue liko mbele ya baraza langu, pale ninapowekea cherehani. Siku moja wanawake walikuwa wamepanga bidoni zao, madumu ya maji, na Blandine alikuwepo. Blandine ni katibu wa mituweli, mwanamke mwenye sauti na mdomo mkali, lakini kazi za watu anazifanya. Alimshika Naomie mkono akaugeuza.

"Mama Vainqueur, uyu mutoto iko na upele ao unamupika na pilipili?"

Wanawake wakacheka. Mama Vainqueur naye akacheka kidogo.

"Ni mbu."

"Mbu? Mbu gani inauma kwa mustari hivi? Ona, moja, moja, moja, kama fundi cherehani ndiye alimushona!"

Kila mtu akanitazama. Niliinamisha kichwa nikakanyaga mashine, ingawa uzi ulikuwa umekatika zamani.

"Weye Blandine, acha mutoto wa watu," akasema mmoja.

"Namuacha. Lakini ile mbu iko na akili ya kupima." Akapandisha bidoni yake kichwani akaenda, kiuno kikicheka peke yake.

Mama Vainqueur hakusema neno la kweli pale bombani. Angesema nini? Angesema kunguni, watu wangeuliza wametoka wapi, naye angejibu kwenye matela ya kilio, na hapo angekuwa ameitukana kila nyumba iliyowahi kufiwa. Alimshika mjukuu akarudi kwake. Siku ile hatukusikia mtwangio.

Nilianza kuona mwenyewe kwamba anachoka. Mtu ambaye halali unamjua. Anaweka beseni chini, anasahau kwa nini aliliweka. Sombe yake, ambayo zamani ilikuwa laini kama unga, ikaanza kuwa na vijiti, na wateja wakasema. Macho yake yaliingia ndani. Mimi ndiye mbebaji wa matela kila kilio kinapotokea, kwa hiyo siku moja aliniita kwenye chumba cha nyuma akanionyesha. Aligeuza pembe ya godoro moja. Kwenye mshono palikuwa na madoa meusi kama wino uliodondoka, na ndani ya doa, wenyewe, wamebanana kama dengu. Harufu yao unaijua ukiwahi kuinusa mara moja. Ni tamu, ya kuchefua.

"Baba Léa," aliniambia, "minye nachoka."

Hakuomba kitu. Alirudisha pembe taratibu, kama mtu anayefunika mgonjwa.

Wiki ile Aimé, mtoto wa kaka yake, alikuja kutoka Katogota na gunia la mchele. Aimé analima nyanya bondeni Ruzizi, na kijana wa nyanya hakosi dawa ya nyanya.

"Shangazi, unalia juu ya kunguni? Minye niko na kitu ya kuwamaliza. Kule kwetu dudu ikikunywa hii haiage hata mama yake."

"Haina shida na mutoto?"

"Nanyunyizia tu kule nyuma. Mufunge mulango, basi."

Alitoa chupa ya dawa ya nyanya, akaichanganya kwa macho, bila kupima, akanyunyizia matela na kuta za chumba cha nyuma mpaka zikalowa. Nyumba nzima ilinuka. Mama Vainqueur aliumwa kichwa siku mbili, midomo ikimwasha, na kuku wake mmoja aliyeokota wadudu kizingitini alizunguka mara moja akaanguka. Lakini chumba kilikuwa kimya. Alianza kutabasamu.

Hawakufa wote. Wengine walihama. Ukuta kati ya chumba cha nyuma na chumba cha kulala ni wa matofali mabichi, na tangu mafuriko umekuwa na nyufa. Wakapita humo. Kabla ya dawa walikuwa wachache kitandani kwa Naomie. Baada ya dawa walikuwa wengi, na wengi wao walijificha kwenye chandarua, kwenye ule mshono wa juu na pindo za pembeni. Asubuhi chandarua kilikuwa na matone ya damu. Mama Vainqueur akaona jambo ambalo wengi kwetu wanaliona, kwamba chandarua ndicho kinachofuga kunguni. Kuna hata wanaosema walikuja nacho siku tulipogawiwa. Akakivua. Akakitandika juu ya tuta lake la lengalenga, mchicha wetu, ili kuku wasichimbue miche, na lengalenga zikaota vizuri sana.

Mvua za masika zikaanza. Tangu ziwa lilipojaa likapanda mpaka karibu na nyumba, maji hayatoki tena kwenye mifereji ya huku chini. Yanakaa, yanageuka kijani, na mbu wanatoka humo kama moshi. Hapakupita muda mrefu. Nilikuwa nashona sare ya kwaya nilipomwona Mama Vainqueur akipita mbele yangu na Naomie mgongoni, na miguu ya mtoto ilikuwa inaning'inia ovyo, haishiki kiuno. Mke wangu alitupa ufagio akamfuata. Mimi nilifunga mashine nikawafuata wote.

Kwenye kituo cha afya kuna muuguzi anayeitwa Ndihokubwayo, ambaye sisi wote tunamwita dokta. Alivuta chini ukope wa Naomie. Ndani palikuwa peupe kama karatasi. Malaria, na damu imepungua sana. Walimpeleka hospitali kubwa akaongezwa damu, na siku zile bibi yake alikaa chini kando ya kitanda, mgongo ukutani, kama walivyokaa wale wanaume kwenye kilio cha mume wake. Eliane alikuwa anapiga simu kutoka Kalemie. Mama Vainqueur alikuwa anaiweka simu sikioni kwa mtoto ili mama asikie anapumua.

Walipotoka, mimi na mke wangu tuliwapitisha tena kwa Ndihokubwayo. Aliangalia vile vidonda moja moja, akavipaka dawa ya zambarau, kisha akauliza.

"Mama, hii si mbu. Mu nyumba iko kunguni?"

Mama Vainqueur akatazama mlango kama umefungwa. Ulikuwa umefungwa.

"Iko."

"Kunguni hailete malaria. Malaria ni mbu. Lakini mutoto alikuwa na moustiquaire, chandarua?"

"Niliitoa. Ilikuwa imejaa wao."

"Basi uliwafukuza kunguni, ukawafungulia mbu. Damu yake ilikuwa inanyonywa kwa mulango mbili." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka pia. Nje watu walijaa benchi. "Sikia. Sasa ana damu ya watu, ni kidogo, tusiichezee. Asilale mu kile chumba mpaka kiwe safi. Maji ya moto, ile inachemka, ku mbao na ku mishono. Nguo na chandarua vichemshwe. Matela ikae ku jua kali, uipige, uigeuze. Ufa zote uzibe na udongo. Na usifanye mara moja tu, rudia kila wiki mpaka usione hata yai. Dawa ya nyanya iache ku nyanya. Ile inaingia mu ngozi ya mutoto na mu pumzi yake."

"Ile chumba ya nyuma iko na matela ya kilio, dokta. Ile haipigwi."

Ndihokubwayo aliweka chini chupa ya dawa. Ni mtu wa huku huku, alielewa.

"Basi mutoto atalala wapi, mama?"

Mke wangu ndiye aliyesema, "Kwetu, na Léa." Tukachemsha nguo zake zote kabla ya kuvuka kizingiti, akalala na binti yetu.

Nilidhani sasa mambo yatakuwa mepesi. Hayakuwa. Mama Vainqueur alifanya kila alichoambiwa kwenye chumba chake. Alichukua kitanda vipandevipande nje akakimwagia maji yanayochemka, akatoa chandarua kwenye lengalenga akakichemsha, akaziba nyufa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe mpaka vidole vikachanika. Siku chache palikuwa pasafi. Kisha udongo ule ulikauka, ukapasuka, na wale wa chumba cha nyuma wakarudi. Akaziba tena. Wakarudi. Na kila asubuhi Naomie alikuwa anasimama mlangoni kwetu na sahani ya uji mkononi, anamwita bibi yake ng'ambo ya uzio.

"Bibi! Leo narudi?"

"Bado, mama yangu. Kesho."

"Jana ulisema kesho."

"Kula uji."

Halafu mtwangio unaanza, mzito, unakosa mapigo.

Alikwenda kwa Papa Niyonzima, mwenyekiti wa mituweli, kumwomba vitu vihamishwe. Aliniomba nimsindikize, labda kwa sababu anajua sitamkata maneno. Papa Niyonzima alitupa viti, akasikiliza, kisha akapunguza sauti ingawa tulikuwa peke yetu.

"Ile neno usiiseme mu kikao, Mama Vainqueur. Watu watakataa kulala ku kilio. Na vitaenda wapi? Kwa nani iko nafasi? Kwangu maji inaingia. Vumilia kidogo."

"Nimevumilia, Papa. Mutoto hana damu."

"Tutaangalia."

Tulirudi. Njiani alisimama akajikuna mguu, akasema, "Kuangalia, wameangalia." Tukaendelea kutembea.

Kisha Mzee Pierre, baba yake Blandine, akafariki.

Alikuwa mzee sana na aliondoka asubuhi, akiwa ameshika kikombe cha chai. Kabla jua halijapanda juu vijana walikuwa mlangoni kwa Mama Vainqueur kuchukua vitu, nami pamoja nao. Tulimkuta amesimama mbele ya chumba cha nyuma, amefunga kitenge kifuani, ameshika mti wa kusongea ugali.

"Bashi mubebe," alisema. "Viti, sufuria, mubebe. Matela mutayabeba, lakini muyapeleke mu uwanja, ku jua. Musiingize ndani."

"Mama, mu uwanja tena?" akauliza kijana mmoja. "Watu watasema nini?"

"Watasema. Beba."

Tukabeba. Uwanja wa Blandine ni mpana, unatazama ziwa, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Tuliyaweka pale matela yote, yamelala wazi na madoa yake, mbele ya watu wanaofika kilioni. Wanawake waliokuwa wanalia walipunguza sauti. Mama Vainqueur aliweka sufuria ya kilio kwenye mawe, akawasha moto, akajaza maji. Hakumsalimia mtu. Maji yalipochemka aliyachota kwa kopo akaanza kuyamwaga kwenye mishono, polepole, mshono kwa mshono. Kunguni wakatoka. Walitoka kwa wingi mpaka watu waliokuwa karibu wakavuta miguu. Kisha akachukua ule mti, akaunyanyua, akapiga.

Nimesikia vitu vingi kwenye vilio. Pigo kama lile sijawahi kulisikia. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kando ya mlango akaweka mikono kichwani.

"Weye Léocadie! Unapiga matela ya kilio? Mu kilio? Unaita kifo kirudi!"

Mama Vainqueur alipiga mara nyingine. Alipojibu hakupandisha sauti, ila alikuwa anahema.

"Yaya, dada yangu mukubwa, hakijaenda. Kiko kwangu, kinalala ku kitanda cha mutoto. Minye ndiye ninakipikia. Mjukuu wangu aliongezewa damu ya watu, na hizi dudu zinaingoja. Ni kunguni. Nimesema. Ziko mu matela yetu, sijui zilitoka kwa nani, labda zilitoka kwangu, ku kilio cha mume wangu. Kama mutanifukuza mu mituweli, munifukuze nikimaliza. Lakini matela haya hayarudi kwangu hivi. Hayarudi."

Papa Niyonzima alikuwa amesimama chini ya bashi. Hakuna aliyemwangalia yeye. Watu wote waligeuka kumtazama Blandine, maana kilio kilikuwa chake, na ni yeye aliyetukanwa kama kulikuwa na tusi.

Blandine alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya mwili wa baba yake, mlango ukiwa wazi, kitambaa kimemshuka kichwani. Mfiwa haruhusiwi kuinuka pale kabla ya maziko. Hakuinuka. Alitazama matela, akamtazama Mama Vainqueur na ule mti wake, uso umevimba kwa kulia, na nikamwona anapandisha mkono wa blauzi yake. Kwenye mkono palikuwa na mstari, moja, moja, moja.

"Mbu zangu nazo ziko na akili ya kupima," alisema, sauti imekwaruza. Kisha akamwambia dada yake mdogo, "Ingia chumbani. Toa na matela ya baba. Toa yetu yote. Mupatie Mama Vainqueur maji ya kuongeza."

Sijui nani alicheka kwanza. Nadhani ni yule bibi mwenyewe, kicheko kidogo kama kikohozi, kisha akaanza kulia na kucheka pamoja, akisema hata kwake, hata kwake, tangu mwaka juzi, na alikuwa anamwambia mkwe wake kwamba ni upele wa joto. Mwingine akasema kwake wako kwenye viti vya sebuleni, wageni wakiketi anaomba Mungu waondoke mapema. Wanawake wakatoka mmoja mmoja kwenda kwao, wakarudi na mikeka, mito, mablanketi vichwani. Yule bibi alinyoosha mkono, akapewa mwiko, akapiga mkeka wake pale alipokaa, pigo dogo la mtu asiye na nguvu.

Tulimzika Mzee Pierre mchana, na matela yalikuwa yamelala juani, yanatoa mvuke. Usiku ule watu walilala kwenye mikeka mitupu, mbavu zikiuma, na hakuna aliyelalamika sana.

Siku ya kuondoa matanga kikao kilikuwa kifupi. Papa Niyonzima aliuliza nani atachukua vitu. Blandine akasema, "Hakuna muntu mumoja atalala tena na kilio cha watu wote." Wakaamua matela yaning'inie kwenye kamba chini ya baraza la nyuma la kanisa, pale jua la mchana linafika, na yapigwe kila baada ya kilio, mbele ya watu, wafiwa wakianza. Mimi nilipewa kazi ya kuyashonea mifuko ya kitambaa cheupe, ili doa lionekane upesi. Nilikubali kwa kichwa.

Kazi haikuisha siku ile, wala mwezi ule. Chumba cha nyuma, hata kilipokuwa kitupu, kilitoa wengine. Mama Vainqueur alimwaga maji ya moto, akaziba, akangoja, akamwaga tena. Aliungua mguu. Kuna siku alikaa kwenye kizingiti na kopo mkononi mpaka maji yakapoa, akayarudisha motoni. Watu wanadhani kazi kama hiyo ina siku ya ushindi. Ina siku ambayo huoni kitu, na kesho yake unaangalia tena.

Ndihokubwayo alivuta ukope wa Naomie chini akasema bado si nyekundu, lakini si nyeupe tena. Mama Vainqueur alikuwa hajaona hata yai kwa wiki kadhaa, na siku hiyo mtoto alirudi kwao. Alivuka uzio wetu na furushi lake kichwani, bila kuaga vizuri, na Léa wangu akalia kidogo. Eliane alipiga simu jioni, na Naomie akamweleza kwa kelele kwamba chandarua chake kinanuka sabuni na kwamba amehesabu nyota zake zote, yaani viraka nilivyovishona mimi.

Sasa asubuhi, kabla ya kufagia, kabla ya kuwasha moto, Mama Vainqueur anainua godoro la mjukuu wake na kupitisha kidole kwenye mshono, kuzunguka pande zote. Namwona kupitia dirisha lake nikifungua mashine. Akimaliza anakitazama kidole, anakipangusa kwenye kitenge ingawa hakina kitu, kisha anachukua mtwangio. Mapigo yake hayajawa kama zamani. Lakini sombe imekuwa laini tena, na Naomie anaimba huku akitafuta kiatu chake kimoja.